Namna ya kuacha sigara katika mji unaouza moja moja

Mimi nina butiki, duka dogo, hapa Goma, mashariki ya Kongo, mtaa wa Majengo. Ni ya mbao, na kwa miaka mingi kwenye nguzo ya mlango wake kulining'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba. Mteja ananunua sigara moja, anavuta kamba, anawasha, anaondoka. Kila anayevuta hapa kwetu anaijua kamba hiyo. Nimeuza sigara miaka kumi na moja, nimevuta karibu miaka ishirini, na nyuma ya meza ile nimejifunza jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: mtu aliyeacha sigara harudi kwa kununua paketi. Anarudi kwa kununua moja.

Nimewaona wengi. Anakuja motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyekuwa ameacha miezi mitatu, anaweka faranga 200 mezani, hanitazami usoni. "Nipe moja tu, muzee, leo siku imeniendea vibaya." Kesho yake anachukua mbili. Baada ya wiki mbili amerudia hesabu yake ya zamani, na lile neno "tu" halitoki tena mdomoni mwake. Panapouzwa paketi nzima tu, bei humpa mtu nafasi ya kufikiri. Sisi tuna ile moja, hatua ishirini kutoka mlangoni, asubuhi na usiku. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku unazitaka nchi zijitahidi kuzuia kuuza sigara moja moja, hasa kwa ajili ya watoto. Katika mtaa wangu watoto walitumwa sigara kama wanavyotumwa chumvi, na mimi niliwapa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ya kwanza nilivuta Januari 2002. Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilikuwa imeukata mji tarehe 17, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Nilikuwa na miaka 17, na kijana mmoja mkubwa tuliyelala naye nje alinipa ya kuondoa baridi na woga. Niliacha kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2020, nikakaa miezi saba. Mei 2021 volkano ikalipuka tena. Tarehe 27 tukaambiwa mitaa yetu ihame, tukatembea hadi Sake, kilomita kama 25, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Usiku ule, kando ya barabara, mtu nisiyemjua alininyooshea sigara kwa wema kabisa. Moja. Siku ya tisa nilikuwa navuta kumi kwa siku, kana kwamba ile miezi saba haikuwahi kuwapo. Niliacha tena Jumatatu, tarehe 7 Februari 2022, na tangu siku hiyo sijavuta. Ninayoandika hapa ni yale niliyofanya mara ya pili na ambayo mara ya kwanza sikuyafanya.

Jifungulie ukurasa wa madeni

Usianze kwa kutupa paketi. Anza kwa kuandika, siku saba nzima, huku ukiendelea kuvuta kama kawaida. Mimi nina kaye, daftari, ya madeni: jina la mteja, kitu alichochukua, siku. Nikajifungulia ukurasa kama mkopaji mwingine yeyote. Kila kabla ya kuwasha niliandika saa, niko wapi, niko na nani, na hamu ina nguvu kiasi gani kuanzia 1 hadi 3. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa hivi:

Saa 11 na dakika 40 alfajiri, kitandani bado, 3. Saa 1, na kahawa, 3. Saa 3, mleta mikate amechelewa, 1. Saa 4 na nusu, mlinzi wa jirani amewasha nami nikawasha, 1. Saa 7, baada ya kula, 3. Saa 9, hakuna mteja, 1. Saa 10, motari wawili wanabishana juu ya mpira, 1. Saa 12 jioni, umeme umekatika, 2. Saa 2 usiku, na bia, 3. Saa 4, kufunga butiki, 2.

Soma ukurasa huo polepole. Nne kati ya kumi sikuzitaka hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe kwa sababu mwenzangu amewasha au kwa sababu mteja haonekani. Hizo nne ziliondoka kwa urahisi kuliko nilivyodhani. Zenye 3 ndizo vita yenyewe: alfajiri, kahawa, chakula, bia. Wewe utakuwa na ukurasa tofauti kabisa. Shemeji yangu, dereva wa lori, aliandika vizuizi vya barabarani tupu, kimoja baada ya kingine hadi Butembo.

Ukimaliza siku saba, mbele ya kila mstari andika kitu utakachofanya saa hiyo badala ya kuvuta. Kiwe kitu cha mkono na mdomo, kinachofanyika pale pale. "Nitajikaza" haliandikwi. Mimi niliandika: alfajiri, kutoka kitandani mara moja na kunawa uso kwa maji ya baridi nje. Baada ya kula, kuinuka kabla sahani haijaondolewa na kupiga mswaki, kwa maana mdomo wenye ladha ya dawa ya meno hauipendi sigara. Saa 9 isiyo na mteja, kutafuna muwa. Muwa ni mzuri sana kwa kazi hii: unashughulisha mikono yote miwili na unachukua muda mrefu kuisha.

Ile ya alfajiri iangalie kwa makini. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu kuamka, mwili wake umeshikwa sana na nikotini, na huyo asione aibu kutafuta msaada wa dawa, nitakaoueleza chini.

Siku yenyewe

Chagua tarehe isiyozidi wiki mbili mbele, uiseme kwa sauti nyumbani. Bibi yangu, yaani mke wangu, aliiandika kwa makaa ukutani jikoni. Siku hiyo ikifika, acha zote kwa pamoja. Najua wengi wanapenda kupunguza: leo nane, kesho sita. Mimi nilijaribu, na kadiri nilivyopunguza ndivyo ile iliyobaki ilivyozidi kuwa tamu, nikaingoja kama mgeni. Baadhi ya waliolinganisha njia hizi mbili kwa utafiti wameona pia kwamba wanaokata mara moja hufaulu zaidi kuliko wanaopunguza kidogo kidogo. Lakini kama kupunguza ndiyo njia pekee unayoiweza, weka tarehe ya sifuri na usiisogeze.

Jioni ya kuamkia siku hiyo ondoa kila kitu: viberiti, kisahani cha majivu, paketi ya akiba ndani ya koti la mvua. Fua lile koti. Mimi nilikata kamba mlangoni kwa wembe na nikaamua kutouza tena. Nilipoteza wateja wa jioni kwa karibu miezi miwili, na mlinzi wa jirani alininunia. Mahali pa sigara nikaweka mayai ya kuchemsha na karanga zilizofungwa kwenye karatasi. Simlazimishi kila mwenye butiki afanye hivyo, kila mtu ana watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba mimi nisingeweza kuacha huku ninaishika mara arobaini kwa siku.

Siku tatu za kwanza

Ili uzivuke lazima ujue kinachotendeka ndani. Moshi ukiingia, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Baada ya muda wa kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ubongo unaanza kudai. Mdai huyo amezoea kulipwa kila akibisha hodi. Ukikataa kumlipa, siku mbili tatu za kwanza anabisha kwa nguvu zote, kisha anaanza kuchoka. Mengi ya maumivu hayo hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Siku yangu ya pili, saa 4 asubuhi, mikono ilitetemeka hata sikuweza kufunga mfuko wa sukari wa robo kilo. Mtoto wa jirani alikuja na noti iliyochanika nikamfokea mpaka akalia. Nilifunga butiki, nikamfuata kwao kuomba msamaha, kisha nikakaa nyuma ya nyumba na simu mkononi. Nilitaka kujua hamu hii inakaa muda gani. Ilianza tumboni, ikapanda kifuani, mate yakajaa mdomoni, ikawa kali hasa. Kisha, bila mimi kufanya lolote, ikalegea. Nikatazama simu: dakika nne na nusu. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini nikiamini kwamba hamu nisipoitii itaendelea kupanda hadi nipasuke. Hamu nyingi hukaa dakika tatu hadi tano hivi, mara nyingine kumi. Kwa hiyo kazi yako siyo kushinda siku nzima. Kazi yako ni kupita dakika tano, kisha nyingine tano baada ya saa moja.

Katika dakika hizo: kunywa kikombe cha maji kwa mafunda madogo madogo. Vuta hewa puani polepole, itoe mdomoni polepole zaidi, mara kumi. Ondoka pale ulipo, hata ni hadi kwenye kona na kurudi. Weka kipande cha tangawizi ulimini. Ukali wake unachukua nafasi. Na usibishane na hamu kichwani, maana inajua kusema kuliko wewe.

Waambie wa nyumbani mapema kwamba utakuwa mkali, utalala vibaya, utaota ndoto za ajabu, na tumbo linaweza kufunga. Maji, marakuja, parachichi na maharagi vinasaidia. Utakula zaidi, watu wengi huongezeka kilo chache, nami niliongezeka nne. Uzito huo usikurudishe kwenye sigara. Kikohozi nacho kinaweza kuzidi wiki za kwanza, kwa kuwa mapafu yameanza tena kusukuma uchafu nje.

Kahawa na bia

Hili la kahawa wengi hawalijui. Moshi wa sigara hulifanya ini liivunje kahawa haraka. Ukiacha kuvuta, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo vikombe vitatu vinaweza kukufanya kama vile umekunywa sita. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji, nawe unadhani ni sigara inayokuita. Sisi tunaoishi kando ya ziwa Kivu, na kahawa ya Idjwi na Minova karibu hivi, tunakunywa nyingi. Punguza nusu katika mwezi wa kwanza. Mimi nilihamia chai ya maziwa asubuhi, na ile 3 ya saa 1 ikashuka ikawa 2 ndani ya wiki moja. Kuna dawa za hospitali pia ambazo mwili huzitumia tofauti mtu akiacha kuvuta. Ukiwa na ugonjwa wa muda mrefu, mwambie daktari wako kwamba umeacha.

Bia na kasiksi, pombe ya ndizi, hazina mjadala mrefu. Pombe na sigara ni ndugu wa tumbo moja, na chupa ya pili huondoa kumbukumbu ya sababu zako zote. Wiki sita usiguse pombe wala usikae nganda, kwenye baa. Marafiki wakuite nyumbani kwao, mle sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mzungumze.

Mwili unavyorudi

Sisi wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa inayolala mabondeni, huioni wala huinusi, na mbuzi anaanguka. Moshi wa sigara una hewa yake isiyoonekana, monoksidi ya kaboni, ileile inayoua familia inayolala na mbabula ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Habari njema ni kwamba inaondoka upesi: ndani ya siku moja hivi bila kuvuta, imeshuka hadi kiwango cha mtu asiyevuta. Hata kabla ya hapo, dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yameanza kutulia. Kati ya wiki 2 na 12 damu inazunguka vizuri zaidi na mapafu yanapata nguvu. Mwaka ukitimia, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo imeshuka karibu nusu.

Mimi nilipima kwa bidoni, dumu la maji. Baada ya volkano ya 2021 mabomba ya mitaa ya juu yalikauka, tukawa tunabeba maji kutoka kwenye tangi la barabarani, lita 20 begani. Nilikuwa nasimama mara tatu kabla ya kufika nyumbani, na mama mmoja wa umri wa mama yangu alinipita kila siku akiwa na bidoni yake mgongoni. Mwezi wa nne baada ya kuacha nilifika bila kusimama. Nilitua ile bidoni mlangoni na nikakaa juu yake muda mrefu, nimejaa shukrani.

Hesabu ya fedha ni rahisi. Kumi kwa siku, kwa faranga 200, zilikuwa faranga 2,000, karibu dolari moja wakati ule. Niliweka kila siku ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mwaka ulipoisha tulibadilisha mabati ya vyumba viwili.

Dawa na kituo cha afya

Bandiko la ngozi na pipi ya kutafuna zenye nikotini zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Zinampa mdai kidogo anachotaka bila ule moshi, ambao ndio hasa unaoleta saratani. Mimi sikuzitumia, lakini ndugu yangu mmoja alizitumia na zilimsaidia sana. Bandiko hubandikwa asubuhi juu ya ngozi kavu isiyo na nywele, kifuani au mkononi juu, kila siku mahali tofauti. Pipi haitafunwi kama pipi nyingine: itafune mpaka ukali utoke, kisha iweke kati ya shavu na fizi itulie, ukali ukiisha utafune tena. Ukiimeza juice yake haraka utapata kwikwi na kichefuchefu. Nunua kwenye famasi inayoeleweka, na mama mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza.

Na hili nalisisitiza kwa nguvu: ukikohoa zaidi ya wiki mbili, ukitoka jasho usiku, ukikonda, au ukiona damu, usiseme "ni kikohozi cha sigara". Kuvuta kunaongeza hatari ya kifua kikuu, na nchini kwetu ugonjwa huo uko mwingi. Nenda ukapimwe makohozi. Dawa zake ni za bure.

Kwa vijana wanaosema wameacha sigara na sasa wanavuta shisha tu: kikao kimoja cha shisha kina moshi mwingi mno kuliko wa sigara moja. Hamjaacha.

Ile moja

Kwetu kumnyooshea mtu sigara ni adabu, kwa hiyo jifunze kukataa kabla hujanyooshewa. Usiseme "najaribu kuacha", kwa sababu mwenzako atakujibu "basi hii ya mwisho". Sema "Mimi sivuti, ndugu", shukuru, endelea na mazungumzo. Mara mbili tatu ulimi utakuwa mzito, halafu utazoea.

Ukiteleza ukavuta moja, simama palepale. Usiseme siku imeshaharibika, kwa maana neno hilo ndilo linalonunua ya pili. Zima, tupa, andika kwenye ukurasa wako saa na mahali na nani, na umpigie mtu simu kabla ya usiku. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kwanza.

Hatari ya baadaye haitoki kwenye siku za kawaida. Baada ya miezi mitatu siku za kawaida zinajiendea. Inatoka kwenye usiku wa kilio, wanaume wamezunguka moto hadi asubuhi na paketi inapita mikononi. Huko mimi naomba kazi ya kupasua kuni au kugawa chai, mikono isikae bure. Inatoka kwenye kukimbia. Mwisho wa Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini tulilala chini sakafuni, watu kumi na mmoja chumba kimoja, na mpangaji wangu akawasha gizani. Ile harufu ilinifikia baada ya karibu miaka mitatu na mate yakajaa mdomoni kama siku ya pili. Nilishika mkono wa bibi yangu, nikahesabu pumzi. Sikuwa na simu yenye chaji ya kupimia, lakini ilipita.

Kila nyumba hapa ina mfuko wa kukimbia nao, karibu na mlango. Wetu una makaratasi ya kiwanja, vitambulisho, kadi za chanjo za watoto, shuka moja na tochi. Tangu 2022 nimeongeza tangawizi kavu iliyofungwa kwenye nailoni na, ndani ya bahasha ya makaratasi, ule ukurasa wa Jumanne niliouchana kutoka kwenye kaye.